Mwaka Huu Narudia

8 Januari

Popo wangu,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo naitikia mapema.

Nakuandikia nikiwa nimekaa, jambo ambalo siku hizi ni nadra. Tangu juzi ile hoteli kubwa inatuletea mashuka kama vile wageni wao hawalali, wanapigana. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye pasi ya mvuke kuanzia asubuhi mpaka miguu ikakataa kuingia kwenye viatu. Nimerudi nyumbani na kandambili za mwenzangu, moja ya bluu na moja ya njano. Shule yenu na sheria yake ya kukataza simu imenirudisha kwenye kalamu, na mkono wenyewe umeshazoea kushika vitu vizito. Vumilia mwandiko.

Mmefungua shule na mpaka leo sijasikia neno. Matokeo ya mtihani wa kupanda darasa yametoka au bado? Pale dobi wananiuliza kila siku. Kosa ni langu, niliwatangazia mwenyewe kwamba mwaka huu mwanangu anaingia darasa la mwisho na mwisho wa mwaka anamaliza. Kuna na jambo jingine, lakini hilo nitakwambia likishaiva.

Endelea vile vile nilivyokufundisha. Wenzako wakilala, wewe soma. Karai la maji baridi chini ya meza, miguu ndani, kahawa pembeni. Sikukuita Popo bure. Usingizi ni wa watu waliokwisha kumaliza kazi zao, na sisi hatujamaliza.

Nijibu upesi.

Mama yako


17 Januari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata. Pole sana na miguu. Nimecheka hapo pa kandambili, halafu nikaona si jambo la kucheka.

Matokeo yalibandikwa siku ile ile tuliyofungua, kwenye mlango wa bwalo. Watu walikuwa wengi, wengine wanarukaruka, nikasubiri waondoke. Mama, mwaka huu narudia. Nimekaa siku nyingi na kalamu nikitafuta namna nyingine ya kuandika neno hilo, sikuipata. Narudia kila somo, tangu mwanzo. Nisamehe. Najua ulivyohangaika.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, yule tunayemwita Gogo kwa sababu akilala hata kengele haimwamshi, amesema atanisaidia. Pia tumeambiwa kwamba wote tunaorudia tutabaki shuleni likizo ya katikati ya mwaka kwa masomo ya ziada. Kwa hiyo sitakuja nyumbani mpaka Desemba. Na hilo pia nisamehe.

Mwanao,
Popo


27 Januari

Popo wangu,

Nimeisoma barua yako nikairudia, nikairudia tena, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mtoto anaomba msamaha kwa sababu anarudia masomo? Hiyo si ndiyo kazi niliyokupeleka kufanya? Unarudia kila somo tangu mwanzo, Januari hii, mtihani wenyewe hata haujanusa mlango. Wenzako wataanza kurudia mwishoni mwa mwaka wakiwa wametoa macho, wewe utakuwa umekaa umekunja nne.

Nimewasomea hicho kipande pale dobi. Yule mama wa kupokea nguo dirishani, ambaye hakuna siku anakosa la kusema kuhusu mwanawe, leo amekosa. Nimefurahi zaidi ya inavyotakiwa, Mungu anisamehe.

Hukuniandikia alama zako na sitakuuliza. Anayeanza kurudia mapema namna hiyo hawezi kuwa ameanguka. Habari ya likizo imeniuma, siwezi kukuficha, maana nilitaka tukae wawili tuongee upuuzi. Lakini bakini. Mnaorudia mbaki, hao wengine waje nyumbani wakanenepe.

Sasa lile jambo. Mwisho wa mwaka huu naacha pasi. Siku utakayomaliza mtihani wako, nami nimemaliza. Nitalala mpaka mbavu ziume, halafu nitatafuta kazi ya kukaa, hata ya kuuza stempu. Msimamizi bado sijamwambia. Nakwambia wewe kwanza ili ujue kwamba hatuvuti kamba hii milele.

Karai usilisahau.

Mama yako


4 Februari

Shikamoo Mama mdogo,

Barua hii uisome ukiwa peke yako, na usiiache juu ya cherehani kama unavyoacha kila kitu.

Mama hajanielewa. Nilimwandikia kwamba narudia. Maana yangu ilikuwa kwamba narudia darasa. Nimeanguka mtihani wa kupanda, wenzangu karibu wote wako darasa la mwisho, na mimi nimebaki kwenye dawati lile lile, na mbele yangu wamekaa watoto ambao mwaka jana walikuwa wakinipisha kwenye foleni ya chakula. Yeye ameelewa kwamba narudia masomo, yaani ninajiandaa mapema. Amenipongeza. Amewasomea na wenzake kazini.

Nilianza kumwandikia nimsahihishe, nikachana. Sababu nitakwambia wewe, kwa kuwa wewe hucheka kwanza na kukasirika baadaye. Mtihani wa hesabu nilisinzia. Nilikuwa nimekesha usiku hadi usiku, miguu ndani ya karai kama Mama alivyoniagiza, mpaka nikawa natembea huku naona vivuli. Nikasoma swali la kwanza, nikaweka kichwa juu ya mkono nilifikirie, na kilichofuata ni mwalimu ananigusa bega anakusanya karatasi. Karatasi yangu ilikuwa tupu na imelowa mate. Mitihani mingine nilikuwa macho, lakini kichwani hamkuwa na kitu kilichokaa mahali pake.

Nikimwambia Mama nimeanguka, ataniuliza kwa nini, na jibu ni karai lake. Nitamwambiaje hivyo mtu ambaye miguu yake imevimba kwa sababu yangu? Na sasa anasema mwisho wa mwaka anaacha kazi kwa kuwa nitakuwa nimemaliza. Sitakuwa nimemaliza, Mama mdogo. Nitakuwa nimebakiza mwaka mzima.

Nishauri, maana sijui pa kushika.

Mwanao,
Popo


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hapo pa mate nimecheka, siwezi kukudanganya, mteja akadhani namcheka yeye na suruali yake. Kisha nikaweka mkasi chini. Pole, mama. Pole sana.

Kwanza nikueleze kuhusu hilo karai, maana mimi nililiona likizaliwa. Mama yako alianza kutia miguu kwenye maji baridi kwa sababu ya kusimama. Miguu ilikuwa inavimba, maji yanaipunguza. Ni hilo tu. Siku moja akaona kwamba akiwa na miguu majini hasinzii, akajifanya daktari. Akamshauri na mwenye nyumba wangu, mzee wa watu akapata mafua. Kwa hiyo usilibebe kama amri iliyoshuka kutoka juu. Karai ni la miguu, kichwa hakikutajwa.

Pili, kumwambia utamwambia wewe. Mimi mdomo wangu nimeushona, lakini wewe unajua mshono wangu ukivutwa sana unavyokuwa. Kila Jumapili nikienda kwake ananipokea na "anarudia, mwenzio, anarudia", na mimi nakunywa chai kwa haraka mpaka naungua ulimi. Mwambie mapema. Kadiri unavyochelewa ndivyo anavyozidi kulijengea ghorofa hilo neno.

Tatu, huyo Gogo uliyemwandikia mama yako habari zake. Mtu analala kama gogo na alama anazo, ana siri gani? Mbane akueleze. Usione haya kwa kuwa yeye amepanda na wewe umebaki. Haya haijawahi kumfaulisha mtu.

Mama mdogo wako


7 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimechelewa kukuandikia na sina kisingizio. Kwenye barua yako ya mwezi uliopita uliniuliza nasomaje siku hizi. Nimebadilisha mambo, naomba usikasirike kabla hujafika mwisho.

Gogo alikaa na mimi Jumamosi akaniambia nisome kama kawaida yangu, yeye anaangalia tu. Nikachukua historia. Nikapiga mistari ya njano, nikapiga ya waridi, nikanakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri na vichwa vya habari nikavizungushia maua. Aliponiona nimemaliza akakifunga kitabu. Akaniuliza, "Haya, kimesema nini?" Nikanyoosha mkono nikifungue tena, akakivuta. Akaniambia, "Wewe husomi, wewe unapamba." Nilimkasirikia nikaenda kufua. Lakini nikiwa pale bombani nikajaribu kuukumbuka ule ukurasa, na kilichonijia ni rangi tu.

Sasa nafanya hivi. Nasoma kipande kidogo, nafunga kitabu, halafu najisimulia kwa maneno yangu kama vile nakusimulia wewe jikoni. Nikikwama ndipo nafungua. Kesho yake, kabla sijagusa kipya, najiuliza cha jana. Jumamosi najiuliza vya wiki nzima, na vingi vinakuwa vimeshakimbia, navifuata tena. Hesabu siisomi kabisa, naifanya. Naomba mitihani ya miaka ya nyuma kwa mwalimu, naweka saa mezani, nafanya mpaka muda uishe, kisha nasahihisha mwenyewe. Nikikosea sifuti. Naliacha kosa hapo linitazame.

Ukweli ni kwamba inachosha kuliko kukesha. Ukikesha na kitabu wazi unajiona msomi. Ukikifunga ndipo unajua ulivyo mtupu. Kuna siku nimelia kwa sababu ya sura moja ya fizikia, sura yenyewe fupi, ina na picha. Gogo akanipa kitambaa akaniambia, "Lia, ukimaliza niambie mkondo wa umeme ni nini."

Taa za bweni zikizimwa nalala. Karai nimelirudisha kwa matroni. Naomba usiniulize sana kuhusu hilo.

Nilitaka kukwambia na jambo jingine, lakini kengele ya chakula imelia na ukichelewa unakuta masufuria yameshaoshwa.

Mwanao,
Popo


2 Juni

Popo wangu,

Sikukujibu mapema kwa sababu barua yako ilinikera, na nikiwa nimekereka naandika vitu ambavyo haviwezi kupigwa pasi vikanyooka. Karai umelirudisha. Haya. Mama yako ameonekana mshamba. Nilijiambia kwamba huyo Gogo anakufundisha uvivu wenye maelezo marefu.

Jana saa ya mapumziko nikaisoma tena. Nilipofika pale unaposema unajisimulia kama vile unanisimulia mimi jikoni, nikaikunja nikaiweka kifuani. Kumbe kila siku unaongea na mimi na mimi sina habari. Basi lala, mama. Kama unarudia hivyo, lala.

Jambo langu limeiva. Nimempa msimamizi barua kwamba Novemba ndio mwisho wangu. Hakubisha. Ameshaleta mwanamke mwingine, miguu yake bado mizima, namfundisha pasi yangu. Kwenye kola mkono wake ni mzito lakini atazoea. Ananiita mwalimu, nami simkatazi.

Kitu cha ajabu, tangu nitoe ile barua uchovu umenijia wote kwa pamoja. Zamani nilikuwa nachoka bila kujua. Sasa najua. Ngazi za hapa kwetu napumzika katikati, nafanya kama natafuta ufunguo ili watoto wa chini wasinione. Jana nimesinzia nikiwa nimesimama, mvuke ukaniamsha kwenye kidole. Ni kidogo, usihangaike. Nataka tu ifike hiyo Novemba. Nikifikiria kwamba ningeambiwa niongeze mwaka mwingine hapa, sijui ningefanyaje, na nashukuru kwamba hakuna wa kuniambia.

Niandikie tarehe mtihani wako wa mwisho unapoanza. Wenzangu wanataka waiweke ukutani.

Mama yako


11 Juni

Shikamoo Mama,

Kaa chini kwanza kabla hujaendelea.

Mimi siko darasa la mwisho. Ule mtihani wa kupanda nilianguka. Nilipokuandikia kwamba mwaka huu narudia, nilikuwa na maana kwamba narudia darasa, na wewe ukaelewa kwamba narudia masomo. Uliponijibu ukiwa umefurahi vile, ningeweza kukusahihisha siku ile ile. Sikufanya hivyo. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, nikajificha nyuma yake nikajiambia sijamdanganya mtu. Nimekudanganya, Mama. Nimekudanganya tangu Januari, na kila uliponisifu niliongeza.

Likizo ile ya kubaki shuleni si ya waliojiandaa mapema. Ni ya walioanguka.

Nilisinzia kwenye chumba cha mtihani. Nilikuwa nimekesha mno na akili ilikuwa imezima. Sikutaka kukwambia kwa sababu ungejua ni kukesha kulikoniangusha, na kukesha ulinifundisha wewe. Ulinipa ulichokuwa nacho. Sikuona namna ya kukirudisha bila kukuumiza.

Mtihani wa Novemba hii ni ule ule wa kupanda darasa. Nikifaulu, mwaka kesho ndio wa mwisho. Kwa hiyo naomba uende kwa msimamizi kabla hujamwachia yule mwanamke pasi yako. Na kama huwezi kuongeza mwaka mwingine, niambie nirudi nyumbani nitafute kazi. Nitakuja na sitanuna. Nimelifikiria hilo nikiwa nimetulia, wala silisemi kwa hasira au kwa kutaka unibembeleze.

Mama mdogo anajua tangu Februari. Mimi ndiye niliyemwomba anyamaze. Usimkasirikie yeye.

Mwanao,
Popo


3 Julai

Mwanangu,

Najua unasubiri barua ya mama yako na imekuja yangu. Pokea hivyo hivyo.

Nilikuwepo alipoisoma. Ulimwambia akae chini, hakukaa. Aliisoma amesimama karibu na dirisha, akaikunja pembe kwa pembe kama shuka, akanikazia macho. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akaniambia nimalize chai yangu niende. Nikamaliza, nikaenda. Chai yenyewe ilikuwa ya moto na sikuisikia.

Tangu siku hiyo hataki kuniona. Nilimpelekea gauni nililomshonea kwa kumwomba radhi, akalirudisha kwa mtoto wa jirani na ujumbe kwamba pindo limepinda. Nimelipima. Kweli limepinda. Nimeona afadhali, maana mtu aliyekukatia tamaa kabisa hahangaiki na pindo lako.

Yule mama wa dirishani ameniambia kwamba alikwenda ofisini kwa msimamizi akatoka hana rangi. Walichozungumza hajasema. Kazini anafika, anafanya, anaondoka. Zile habari zako alizokuwa akiwasomea wakati wa mapumziko zimekatika, na wenzake wamekuwa na adabu, hawaulizi.

Mimi sina ushauri safari hii. Ule niliokupa Februari hukuufuata, na huu wa sasa hata mimi sijauona. Endelea na kazi yako ya kufunga kitabu na kujisimulia. Kama huwezi tena kumsimulia mama yako, nisimulie mimi, nitajifanya naelewa fizikia.

Mama mdogo wako


9 Agosti

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Mara kadhaa nilianza kukujibu nikaacha, kwa sababu kilichokuwa kinatoka ni matusi, na matusi ya mzazi yakishaandikwa hayafutiki.

Pasi imekwenda. Nilimfuata msimamizi nikamwomba nibaki, akasema hana haja ya kungoja Novemba, pasi tayari ina mtu, na ni kweli, mtu mwenyewe nimemfundisha mimi. Nikasimama pale. Sijawahi kumwomba yule bwana kitu na sasa nilikuwa namwomba kile nilichomrudishia kwa mikono yangu. Mwisho akasema iko nafasi meza ya nyuma, ya kuchambua nguo chafu zinapoingia. Ndiko niliko. Nimesimama na wasichana walioanza kazi juzi, nanusa jasho la wageni wa hoteli. Yule mwanamke akinipita anashindwa aniite nani.

Hilo ni la kwanza, nimekwambia ili ujue gharama yake, kisha tusilirudie.

La pili. Niliitoa ile barua yako ya Januari nikaisoma upya. Uliandika. Umeandika narudia, umeandika nisamehe, ukarudia nisamehe. Mtu anayejiandaa mapema haombi msamaha. Niliisoma barua ile mara nyingi, nikawasomea watu kwa sauti, na sikuona kilichokuwa humo. Nilikuwa napaka rangi, kama wewe na historia yako. Kwa hiyo wewe umenidanganya, na mimi nimejisaidia kudanganywa. Mgawanyo wake sijui ukoje, na nimechoka kuupigia hesabu.

La tatu ndilo lililoniuma kuliko yote. Hukunificha kwa kuniogopa. Ulinificha kwa kunihurumia. Ungeniogopa ningejua la kufanya, ningekukaripia tukamaliza. Lakini kuhurumiwa na mtoto wangu mwenyewe, akiwa huko peke yake na aibu yake, amebeba na yangu juu, hilo limenitoa machozi kwenye meza ya nguo chafu mbele ya wale wasichana. Nilikupa dawa ya miguu ukainywa, nami nilikuwa pembeni nakuhimiza umalize kikombe. Ungeniambia. Ningekasirika, ningekataa, ningekuandikia kwamba umekuwa mvivu. Kisha ningeelewa. Sikuzaliwa na hilo karai.

Kurudi nyumbani usithubutu. Ukitokea hapa na sanduku lako nitakurudisha stendi usiku huo huo.

Na hizo pole za miguu, acha. Miguu ni yangu, naijua kuliko wewe. Usinisomee mimi. Ukisoma kwa ajili ya miguu yangu utakuwa umebeba vitu viwili na mtihani una maswali ya kimoja tu. Wewe soma, ukimaliza ulale. Kuchoka niachie mimi.

Mama mdogo wako nimemsamehe, ila sijamwambia. Bado anarekebisha pindo.

Mama yako


5 Desemba

Shikamoo Mama,

Nimepanda. Mwaka huu walimu wamesahihisha mapema wakatusomea majina bwaloni kabla ya kufunga. Hesabu nimefanya vizuri mpaka mwalimu aliisahihisha upya akidhani amekosea. Historia vizuri. Fizikia nimeponea chupuchupu, na ile sura fupi yenye picha ilitoka, nikaijibu nusu. Sikuongoza. Niko katikati, pamoja na watu wengine wa katikati, na nimeridhika.

Gogo amemaliza mtihani wake wa mwisho na ameshaondoka. Tulipoagana hakusema la maana, alikuwa na usingizi.

Sasa nisikilize. Uliniandikia kwamba kuchoka nikuachie wewe. Nimelifikiria neno hilo tangu Agosti. Kwenye kusoma nimelitii, nimesoma bila kuwaza miguu ya mtu, na nimelala kila siku. Lakini masomo yamefungwa, na nje ya masomo silikubali.

Nimemwandikia msimamizi wako. Usikasirike, tayari ameshajibu. Nimemwomba likizo hii yote nisimame mimi kwenye meza ya kuchambua, na wewe ukae nyumbani, nafasi yako ikungoje. Amesema sijui kazi lakini mikono ni mikono, nianze Jumatatu. Mama mdogo anajua, na safari hii sikumwomba anyamaze, kaamua mwenyewe. Nimemwachia kazi moja tu. Ukijaribu kuvaa viatu, avifiche.

Bado tuna mwaka mmoja, Mama. Najua ulivyoutamani uwe umekwisha, na ni mimi niliyeuongeza. Siwezi kuuondoa. Ninachoweza ni hizi wiki za Desemba, nawe uzipokee bila kunibishia, kama nilivyopokea mimi meza yako ya nyuma.

Nafika Jumamosi. Jumatatu asubuhi usiamke kunipikia chai, wala usinisindikize mpaka ngazini. Nguo nitakuwa nimeziandaa jana yake. Nitavaa gizani, nitabeba viatu mkononi, na nikitoka nitafunga mlango polepole.

Mwanao